Mafuta ya nyonyo kwenye sabuni ya kuogea: kiasi gani, na yafanye kazi gani

Sabuni yangu ya kwanza ya nyonyo ilinata kama kashata ambayo sukari yake haikushika. Nilikuwa nakaa Moshi, Majengo, mwezi wa nne, mvua za masika hazikatiki. Mtu alikuwa ameniambia nyonyo ndiyo inayoleta povu, nami nikajisemea kama kidogo kinaleta povu, kingi kitaleta povu la kufurika beseni. Kwenye kilo moja ya mafuta nikamimina gramu 350 za nyonyo. Siku ya tatu nikatia kisu: kuingia kiliingia, ila kutoka kilitoka na nusu ya kipande. Wiki iliyofuata vipande vilikuwa vinatoka jasho pale dirishani, na ukikishika kimoja, vidole vinashikana. Povu lenyewe? Dogo, zito, linavutika kama mlenda.

Siku hizi naishi Arusha na kila kilo ya mafuta naitilia nyonyo gramu 80 tu. Hapa nitaeleza kwa nini ni 80 na si 350, halafu tutengeneze sabuni moja pamoja, mwanzo hadi kabatini.

Kazi ya nyonyo ndani ya sabuni

Povu linalolipuka haraka, lile la mapovu makubwa, linatoka kwenye mafuta ya nazi. Shida yake ni kwamba halikai. Unasugua mikono, linajaa, unageuka kuchukua taulo, limeshakwisha. Nyonyo yenyewe haijui kutoa povu la namna hiyo. Ukitengeneza sabuni ya nyonyo tupu utapata kitu laini, king'avu, chenye povu la kusikitisha. Inachojua ni kulishika povu la mwenzake lisipasuke upesi. Ukichanganya hivyo viwili, mapovu yanakuwa madogo, mengi, ya kukaa, kama ya maziwa yaliyopigwapigwa.

Sababu iko kwenye asidi yake. Karibu asilimia 85 hadi 90 ya mafuta ya nyonyo ni asidi moja inayoitwa risinoleiki, na hakuna mafuta mengine ya jikoni yaliyo hivyo. Asidi hiyo ina sehemu ya ziada katikati ya mnyororo wake inayopenda maji. Ndiyo maana nyonyo ni nzito kuliko mafuta yote unayoyajua, ndiyo maana inachanganyika na spiriti wakati alizeti haichanganyiki, na ndiyo maana sabuni yake inavuta unyevu na kuuhifadhi. Unyevu huo ukiwa kidogo, ngozi haikakamai baada ya kuoga. Ukizidi, ndiyo yale ya Majengo.

Kwa hiyo ichukulie nyonyo kama chumvi ya mboga, usiifanye ugali. Kwa sabuni ya kuogea, weka asilimia 5 hadi 10 ya mafuta yote. Chini ya 5 hutaona tofauti. Ukifika 15 unaanza kuingia kwenye ulaini, na kiasi hicho nakiachia sabuni ya kuoshea nywele na ya kunyolea ndevu, ambako povu zito ndilo linalotafutwa. Juu ya 20 sioni sababu.

Neno kwa waliojifunza ile sabuni ya maji ya kemikali za salfoniki na slesi, inayouzwa kwenye madumu: haya hayahusiani nayo. Ile haitengenezwi kwa mafuta na kostiki, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na ukimimina nyonyo humo utapata mafuta yanayoelea juu.

Kununua nyonyo isiyochakachuliwa

Mbegu ya mnyonyo umeshaiona hata kama hukuijua. Mti unaota wenyewe majalalani, kando ya mifereji na kwenye uzio wa vihamba, majani kama kiganja kilichofunguliwa. Mbegu ina madoadoa, imetuna, imefanana na kupe aliyeshiba damu. Waliouita mti huu Ricinus communis waliona hivyohivyo: ricinus kwa Kilatini ni kupe.

Mafuta yake yanauzwa zaidi kwa ajili ya nywele, kwenye vichupa vidogo, na hapo ndipo panapohitaji macho. Kuna vichupa vyenye picha ya mbegu za nyonyo lakini ndani ni mafuta ya parafini yaliyotiwa nyonyo kidogo na manukato. Parafini haigeuki sabuni hata uikoroge mpaka kesho; itabaki mafuta ndani ya kipande. Soma maandishi ya nyuma, picha ya mbele isikudanganye. Unatafuta chupa ambayo kilichoandikwa ni nyonyo peke yake.

Kipimo cha kwanza ni kuipindua chupa. Siku moja sokoni nilikuta dada mmoja anauza lita nzima kwa bei nzuri mno.

"Nyonyo tupu hii, mdogo wangu?"

"Tupu kabisa, mama. Haina hata tone la kitu kingine."

Nikaipindua. Kipovu cha hewa kikapanda juu kama kimeitwa. Nikamwambia, "Mbona inakimbia hivi?" Akacheka, akaangalia pembeni, akaniambia kuna nyingine nyumbani nzuri zaidi. Kwenye nyonyo halisi kile kipovu kinapanda kama bibi anayepandisha kilima cha Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani: kinafika, lakini hakina haraka.

Kipimo cha pili unakifanya nyumbani. Chukua spiriti kali, ya asilimia 90 au zaidi (ile ya hospitali ya asilimia 70 haitoshi, itakudanganya). Kwenye chupa ndogo ya kioo weka kijiko kimoja cha mafuta na vijiko vitatu vya spiriti, funga, tikisa, acha dakika chache. Nyonyo halisi inayeyuka, maji yanabaki maangavu. Kama kuna alizeti ndani, utaona ukungu, kisha mafuta yanajitenga yakatulia chini. Fanya mbali na jiko linalowaka, tafadhali.

Nyonyo angavu na nyonyo nyeusi, ile ya mbegu zilizokaangwa, zote zinafaa na hesabu ya kostiki ni ileile. Nyeusi inaleta rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Mama mkwe wangu anakamua yake mwenyewe: anakaanga mbegu, anatwanga, anachemsha na maji, anaengua mafuta yanayoelea. Ukipata ya namna hiyo, yapashe moto mdogo kwanza mpaka yaache kutoa vipovu, maana maji yaliyobaki ndani yanavuruga vipimo na yanafanya mafuta yaharibike.

Na kama unakamua mwenyewe, hapa sina mzaha. Mbegu ina sumu kali, risini. Mafuta yaliyokamuliwa na kuchemshwa vizuri hayana sumu hiyo kwa sababu haiyeyuki kwenye mafuta na moto unaiharibu, lakini mbegu mbichi na makapi ni hatari. Mtoto asiachiwe mbegu achezee. Zinavutia kama shanga na akizitafuna zinaweza kumuua. Makapi usimpe mbuzi, kuku wala nguruwe. Yafukie kwenye shimo ambalo mnyama hafukui.

Vyombo

Nusu ya mafanikio ni mizani. Ile ndogo ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja inatosha. Kijiko, kikombe cha chai na chupa ya nusu lita si vipimo vya sabuni. Mililita 100 za nyonyo zina uzito wa gramu 96 hivi, mililita 100 za nazi ni gramu 92 hivi, na kostiki haijali wewe ulikusudia nini.

Nusu nyingine ni sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki inakula aluminiamu: inachemka, inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na sufuria inageuka nyeusi na kutoboka. Tumia chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, au ndoo ngumu ya plastiki yenye namba 2 au 5 chini yake. Chupa laini ya maji ya kunywa haifai, italegea. Mwiko wa mbao nao unaliwa pole pole ukaacha nyuzi ndani ya sabuni, kwa hiyo tafuta wa plastiki ngumu au wa chuma cha pua.

Zaidi ya hapo: glavu, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu, viatu vilivyofunika vidole, kipimajoto ukiweza, na blenda ya mkono ukiweza. Bila blenda utakoroga kwa mkono dakika 40 au zaidi. Inawezekana, wengi ndivyo tulivyoanza. Kwa kumwagia, paketi tupu ya juisi au ya maziwa iliyooshwa ni nzuri, ilimradi ndani isiwe na utando wa rangi ya fedha, kwa kuwa huo nao ni aluminiamu. Mimi natumia kisanduku cha mbao nilichotandika karatasi ya kuokea.

Kostiki yenyewe

Unahitaji sodiamu haidroksaidi, inayouzwa kama kostiki soda, ya chengachenga au ya punje. Huku kwetu mtu anaweza kukuuzia magadi akakuambia ni kitu kimoja. Magadi yanayotoka ukanda wa Ziwa Natroni yanaivisha makande na yanalainisha maharage, lakini ni aina nyingine ya chumvi na hayana nguvu ya kugeuza mafuta kuwa sabuni ya kipande. Kostiki inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo iliyokaa wazi dukani ikashikana kama sukari guru imeshapoteza uzito wake wa kweli. Nunua iliyofungwa, ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, iandike kwa herufi kubwa, iweke juu mbali na watoto.

Ikikurukia mwilini, maji. Maji mengi yanayotiririka, dakika 15 mpaka 20, si siki. Siki ni ya kufutia meza. Ikiingia jichoni, maji hayohayo na kisha hospitali bila kujiuliza mara mbili.

Kanuni ya kilo moja ya mafuta

Mafuta ya nazi gramu 300
Mawese gramu 350
Alizeti gramu 270
Nyonyo gramu 80
Kostiki soda gramu 143
Maji gramu 290
Chumvi ya mezani gramu 10

Hizi 143 zimetoka wapi? Usiniamini tu, hesabu mwenyewe, maana siku ukikosa mawese utalazimika kuhesabu. Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki kwa gramu moja: nazi 0.183, mawese 0.142, alizeti 0.135, nyonyo 0.128. Zidisha. Nazi inakula 54.9, mawese 49.7, alizeti 36.45, nyonyo 10.24. Jumla ni 151.29. Ukiweka hiyo yote, mafuta yote yanageuka sabuni na hakuna kinachobaki cha kulainisha ngozi. Kosa dogo la mizani nalo linakuachia kostiki ndani ya kipande. Kwa hiyo tunapunguza asilimia 5: 151.29 mara 0.95 ni 143.7, nami naandika 143. Afadhali kushusha kuliko kupandisha.

Ona jinsi nyonyo inavyokula kostiki kidogo. Aliyenipa ushauri ule wa kwanza alikuwa na kanuni ya nazi tupu, na angebadilisha nusu ya nazi kwa nyonyo bila kuhesabu upya, kostiki nyingi ingebaki ndani ya kipande na kuunguza ngozi. Kubadilisha mafuta ni kubadilisha kostiki. Mafuta ya ng'ombe, ambayo kwa wachinjaji wa Arusha hayakosekani, yanaweza kushika nafasi ya mawese. Kiwango chake ni karibu 0.14, lakini kaa chini na kalamu kabla ya kukoroga.

Maji ni mara mbili ya kostiki na ziada kidogo. Natumia ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au ya kunywa ya chupa. Wengine hununua maji ya betri. Sawa, lakini hakikisha umepewa maji yaliyosafishwa na si ile asidi inayouzwa duka hilohilo katika chupa zinazofanana.

Kutengeneza

Chagua saa ambayo watoto wako shule. Fungua madirisha, au fanya barazani.

Anza na maji. Yapime, yeyushia chumvi humo mpaka iishe. Chumvi hii ndiyo inayokupa kipande kigumu licha ya ulaini wa nyonyo. Kisha mimina kostiki kwenye maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Yanaweza kulipuka kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji. Geuza uso pembeni, mvuke wa dakika ya kwanza unakata koo. Maji yatapanda joto mpaka karibu nyuzi 80 au 90, yatakuwa meupe, halafu yatatakata. Yaweke mahali ambapo hakuna atakayeyadhania ya kunywa.

Wakati yanapoa, shughulikia mafuta. Hapa Arusha na Moshi si mji mmoja. Nazi inaganda ikishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Moshi, mwezi wa kwanza, unaimimina kama maji. Arusha, mwezi wa saba, inatoka kwenye kopo kwa kisu, na mawese yamekaa kama samli. Yeyusha hivyo viwili kwa moto mdogo, toa jikoni, ndipo uongeze alizeti. Nyonyo haigandi hata kwa baridi ya Ngaramtoni, inazidi kuwa nzito tu.

Uzito huo ndio unaoharibu vipimo vya watu wengi. Unapima gramu 80 kwenye kikombe, unamimina, unasubiri, unakwangua, na bado gramu sita au saba zimejishikilia pembeni. Namna ninayoipenda: naweka chupa nzima ya nyonyo juu ya mizani, nabonyeza irudi sifuri, naiinua na kumimina moja kwa moja kwenye sufuria, uzi mnene wa rangi ya asali unaojikunja wenyewe juu ya mafuta mengine kabla ya kuzama. Nairudisha chupa. Mizani inasoma kilichopungua. Ikisema 74, naongeza. Ikisema 80, nafunga. Kilichobaki shingoni mwa chupa kimebaki shingoni mwa chupa, hakikuhesabiwa.

Toa kijiko kimoja kikubwa cha nyonyo kutoka kwenye hizo 80 ukiweke pembeni kama unataka rangi. Manjano, unga wa mkaa, udongo mwekundu: ukiurusha mkavu ndani ya sabuni unakuachia madonge. Ukiuponda kwanza ndani ya nyonyo unalainika kama rangi ya ukutani. Kijiko kimoja cha chai cha unga kinatosha kwa kilo. Usisahau kukirudisha kijiko hicho cha mafuta ndani, kimo kwenye hesabu.

Gusa nje ya vyombo vyote viwili. Vikiwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto, karibu nyuzi 40, viko tayari. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta taratibu kupitia kichujio. Koroga kwa mkono kwanza, kisha blenda: sekunde tano washa, sekunde kumi zima na ukoroge nayo ikiwa imezimwa. Usiiache inaunguruma mfululizo. Nyonyo inaharakisha mambo, na mchanganyiko unaoonekana bado ni maji unaweza kugeuka uji mikononi mwako.

Uji ndiyo alama yenyewe. Inua blenda, acha matone yaanguke juu. Kama yanazama bila kuacha alama, endelea. Kama yanakaa juu kidogo kama uji wa mtoto, acha. Usisubiri uwe uji wa mgonjwa, na ukifika ugali umechelewa, sukumiza ndani ya kisanduku ulivyo.

Harufu inaingia sasa. Mafuta ya mchaichai gramu 15 kwa kilo yananitosha. Karafuu inapendwa, lakini inagandisha sabuni ghafla, na yenye nyonyo ndani zaidi. Tena inawasha ngozi. Usizidishe gramu 3 mpaka 5, uichanganye na mafuta mengine ya harufu, na uikoroge kwa mkono, blenda imeshapumzika.

Mwaga, gonga kisanduku mezani mara chache hewa itoke, funika. Arusha nakifunga na blanketi kuukuu usiku mzima ili joto lisikimbie. Kisipofungwa, juu kunatokea vumbi jeupe. Moshi kipindi cha joto kitenge kimoja kinatosha, na kama umeweka asali au maziwa usifunike kabisa, maana itapanda moto na kupasuka katikati.

Kukata na kukomaza

Saa 24 kwa kawaida, 48 kukiwa na baridi. Bonyeza kwa kidole chenye glavu: ikikataa kama jibini gumu, kata. Ikiacha shimo, subiri kesho. Sabuni ya nyonyo haipendi kuharakishwa na kisu.

Panga vipande vikiwa na nafasi kati yao, kwenye karatasi au tenga, mahali penye hewa na kivuli. Si juu ya kabati la jikoni. Mvuke wa maharage utavilowesha kila siku. Wiki nne ni za chini kabisa, mimi nasubiri sita, na vilivyotengenezwa wakati wa masika navipa hata nane. Vipande vikitoa matone kwenye mvua, futa kwa kitambaa kikavu, si lazima viwe vimeharibika.

Kabla ya kuoga nacho, lowesha kidole, sugua kipande, gusisha ncha ya ulimi. Ladha ya sabuni ni sawa. Ikikupiga kama betri ya redio iliyolambwa, kostiki bado ipo. Rudia baada ya wiki mbili, na kama inapiga bado, hiyo ni ya kufulia na glavu.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni cha povu lenyewe. Lowesha mikono, zungusha kipande mara kumi, kiweke chini, kisha fungua kiganja uhesabu. Sabuni yangu isiyo na nyonyo povu linaanza kupasuka kabla sijafika kumi. Unasikia hata sauti yake ndogo, kama soda iliyomiminwa. Yenye asilimia 8 nahesabu thelathini na kiganja bado kimefunikwa. Fanya jaribio hili na vipande viwili, kimoja kila mkono, hutahitaji tena maelezo yangu.

Ya kuoshea nywele

Wanaoniuliza zaidi ni wasichana wenye nywele asilia. Nazi 300, mawese 250, alizeti 300, nyonyo 150, kostiki 142, maji 285, chumvi ileile. Njia ni ileile, ila kaa macho zaidi wakati wa blenda na ongeza siku moja kabla ya kukata. Kipande hiki kinakwisha haraka kuliko cha kuogea, na kikiachwa ndani ya maji bafuni kinageuka ute. Kiweke kwenye kisahani chenye matundu, au hata juu ya kipande cha gunzi la mahindi lililokauka. Suuza nywele na maji yenye siki kidogo, maana sabuni yoyote ya kostiki ni kali upande wa nywele.

Ukitaka kuuza

Zawadi kwa majirani haina masharti. Kuuza ni jambo jingine: tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, si ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, na sabuni ya kuogea inahitaji kupita huko. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Arusha na Moshi, waulize kuhusu mafunzo na taratibu kabla hujachapisha lebo elfu moja. Na usiandike kwenye lebo kwamba inaotesha nywele au inatibu fangasi. Ni sabuni.

Vile vipande vya Majengo sikuvitupa. Kostiki yake ilikuwa imehesabiwa sawa, kosa lilikuwa ulaini tu. Mama mkwe alikuja kututembelea, akavikuta dirishani, akauliza hii halua ya nani. Akavibeba kwenye kopo la siagi mpaka Kibosho, akavilowesha kwenye maji ya moto vikawa rojo, akafulia mablanketi ya nyumba nzima. Alinipigia simu kuniuliza kama nina nyingine.